Kama Kuimba Hutibu, Tupime Hapa Kakamega

Mwaka 2019 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofuatilia kwa miaka 14 watu zaidi ya 6,700 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Waliohudhuria maonyesho, michezo ya kuigiza au tamasha za muziki kila baada ya miezi michache walionekana kuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 31 ikilinganishwa na wasiohudhuria kabisa, na tangu hapo takwimu hiyo imenukuliwa kana kwamba tiketi ya tamasha ni dawa. Sikubali upesi hivyo. Anayefika ukumbini aghalabu ana pesa, ana nguvu za kutembea na ana wenzake wa kufuatana nao, mambo ambayo humrefushia mtu umri hata asiposikia wimbo mmoja. Watafiti waliyazingatia katika hesabu zao, lakini utafiti wa kufuatilia watu tu hauthibitishi chanzo.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa 2018, ambapo akina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua walipangwa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Miongoni mwa waliolemewa zaidi, wale walioimba pamoja na watoto wao kwa wiki 10 walipata nafuu mapema kuliko waliopewa huduma za kawaida.

Huku kwetu Kakamega, magharibi mwa Kenya, isukuti, ngoma ya jadi ya jamii za Waisukha na Waidakho, huchezwa mtoto anapozaliwa, harusini na hata matangani. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, na zikikolea, mabega ya waliokuja kukaa tu huanza kutikisika, ajuza kwa kitoto. Mzazi aliyezungukwa hivyo hayuko peke yake, nami naamini hapo ndipo penye tiba. Inauma basi kwamba tangu 2014 UNESCO imeiorodhesha miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, kwa kuwa wajuzi wake wengi ni wazee wasio na warithi.

Mgonjwa wa presha asiache vidonge vyake kwa sababu ya ngoma. Ninachoomba ni kliniki zetu za mama na mtoto ziwaalike wazee hao, na akina mama waulizwe maswali yaleyale ya kipimo cha Edinburgh, kinachopima dalili za sonona baada ya kujifungua, kabla na baada ya wiki 10.