Jioni ya Kuhesabu Popo, Kidike

Nyumbani kwetu Pemba popo alikuwa kitoweo. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa na bunduki ya marisawa, na maembe yakianza kuiva hutoka baada ya sala ya isha, akarudi usiku mkubwa na kikapu kizito. Bibi aliwachuna asubuhi, akawapika kwa nazi na ndimu. Nami nimekula. Barazani nilikuwa nikiwasikia wazee wakikhitalifiana, huyu anasema halali, yule anasema si halali, lakini sikumsikia hata mmoja akiuliza wamebaki wangapi.

Kisha kikapu kikaanza kurudi kitupu. Ami akikesha mpaka alfajiri chini ya mwembe na kurudi na popo mmoja, au hana kitu. Aliiacha kazi ile mwenyewe, bila ya kukatazwa na mtu, na bunduki ikaondoka nyumbani sijui kwa njia gani.

Mwaka 2005, likizo ya Desemba, nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kabla ya kufunga skuli walikuja vijana wa klabu ya mazingira wakatueleza kwamba popo wetu, yule mkubwa, hapatikani pengine popote duniani isipokuwa Pemba. Sikuamini. Nilidhani popo ni popo, kama kunguru alivyo kunguru. Nikamng'ang'ania baba anipeleke Kidike nikawaone wanapolala. Baba alikuwa ameshughulika na karafuu zake majamvini, mvua inatishia kila siku. Ami ndiye aliyesema, "Nitampeleka mie."

Tulipanda gari la mjini Chake Chake, tukashuka njiani na kuingia kwa miguu. Njia ni ya mashamba: mihogo, migomba, mikarafuu, kilima kinapanda na kushuka kama kawaida ya Pemba, huoni mbele mpaka ufike. Ami alitembea haraka bila ya kuzungumza. Kabla hatujaona mti wenyewe alisimama, akainua pua.

"Wapo," akasema. "Wengi."

Baadaye kidogo nami nikaipata ile harufu, nzito, tamu, kama embe lililolala ndani ya gunia. Halafu zikaja kelele. Nilikuwa nimetarajia kuwakuta wamelala kimya. Kumbe mchana popo wanagombana, wanasukumana, wanapigiana kelele juu ya nafasi kama watu ndani ya gari iliyojaa.

Pale palikuwa na mlinzi wa kijiji, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, akatupokea kwa salamu ndefu. Ami akauliza kwa nini mwenyeji wa Pemba alipe kuangalia popo wa Pemba. Mlinzi hakukasirika. Alisema, "Ndugu yangu, kijiji hiki kimeacha kuwapiga. Sasa nacho kipate chochote." Ami akatoa pesa.

Nilipoinua kichwa, mti ulikuwa umejaa vitu vyeusi vinavyoning'inia, kama vifurushi vilivyofungwa kwa kitambaa cha mwavuli. Kimoja kikafunguka. Nilikuwa nimewaona popo mara nyingi, lakini ama kivuli kinachopita usiku, ama nyama. Uso wake sikuwahi kuutazama. Ana macho makubwa ya rangi ya asali, pua ndefu kama ya mbwa mdogo, na kifua cha manyoya mekundu kama udongo wa njiani kwetu. Alikuwa ananitazama. Popo huyu anakwenda kwa macho na pua, si kwa mwangwi wa sauti yake kama wale wadogo wa darini, kwa hiyo najua kweli aliniona. Alijipepea na bawa moja polepole, kwa sababu ya joto, kisha akajifunika tena. Mbawa zake zikikunjuliwa zote hufikia mita 1.6, na mwili wenyewe hauzidi sana nusu kilo. Nilikumbuka mifupa membamba kwenye sahani yangu, nikaona vibaya, na mpaka leo naona vibaya.

Walikuwapo wageni wengine wawili. Mmoja wao alimwomba mlinzi apige makofi ili popo waruke, apate picha nzuri. Mlinzi akakataa. Alieleza kwamba mchana ndio usiku wao. Ukiwarusha wanachoka, na mama mwenye mtoto kifuani anaweza kumwangusha. Yule mgeni akaomba tena. "Subiri magharibi," mlinzi akasema. "Wataruka wenyewe, bure."

Tukasubiri. Hapo ndipo ami alipoanza kusema, na ndipo mahali ninapopakumbuka kuliko pote.

Mlinzi alitutajia idadi waliyoipata mara ya mwisho, kwa kuhesabu mchana mti kwa mti. Ami akatikisa kichwa. "Mchana huwapati wote. Wa nyuma ya majani unawaacha, na wa katikati wanalala wamebanana watatu unahesabu mmoja. Wahesabu wakitoka." Akamwonyesha kwa kidole uwazi baina ya minazi miwili upande wa bonde. "Watapita pale. Kwanza wachache, wanazunguka, wanarudi. Halafu kundi. Kaa na jua lililozama mbele yako, utawaona kila mmoja."

Mlinzi alimtazama muda. Alijua, nadhani, mtu anapata wapi elimu ya namna hiyo. Hakuuliza. Alisogea, tukakaa sote watatu tumeelekea kule.

Ikawa kama alivyosema. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, mbingu nyekundu, wakatoka watatu, wakazunguka, wakarudi. Halafu mti wote ukatikisika. Walipita kwenye uwazi ule kwa mbawa za taratibu, si haraka haraka kama popo wadogo, bali kama mtu anayepiga kafi. Ami alihesabu kwa sauti ya chini, kumi kumi, akikunja vidole. Alipofika mia nne giza likamshinda.

Niliyoyajua baadaye nayaeleza hapa kwa sababu siku ile sikuyajua. Ndugu wa popo huyu wako Ngazija, Bukini (Madagaska) na mbali huko Asia. Bara, pale Tanga tunapotazamana napo kilomita 50 tu, hayupo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa bunduki na kwa kukatwa misitu, walikuwa wamebaki maelfu machache tu. Mwaka 1996 waliwekwa katika daraja la juu kabisa la viumbe walio karibu kutoweka. Vijiji kama Kidike vikawalinda, hesabu ikapanda mpaka karibu 20,000, na daraja hilo likashushwa. Mingi ya miti waliyolala ilinusurika shoka kwa kuwa chini yake kuna makaburi au mizimu. Na miembe na mikuyu inayoota peke yake porini, mbegu nyingi ni wao wanaozibeba.

Tulirudi usiku, sehemu kwa gari, sehemu kwa miguu. Ami hakusema kwamba amejuta, na mie sikumuuliza. Hayo si maneno ya mtoto kumwambia ami yake.

Tulipokuwa tumeshalala, popo waliingia kwenye mwembe wetu. Makapi ya maembe yakawa yanaanguka juu ya bati. Bibi akatoka na debe lake kama desturi, awafukuze.

"Mama," ami akaita kutoka chumbani, "ngoja kwanza."

Nikamsikia anafungua mlango. Alikaa nje kitambo kirefu, bila ya taa.

"Tisa," akasema aliporudi.

Bibi aliliweka debe chini, akaenda kulala.