Siku moja mikokoni Lindi, maji yakiwa ndiyo saa ya kazi

Saa 11 alfajiri. Mwezi umeandama juzi, kwa hiyo tuko kwenye bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji yamejaa saa 10 hii na yatakuwa yamekupwa kabisa kama saa 4 asubuhi. Wenzangu waliopangiwa msitu wa Rondo, kule bara, wanaweza kunywa kikombe cha pili cha chai. Sisi tunaojifunza utafiti wa mimea huku mikokoni, maji yakirudi kazi imekwisha hata kama ploti, kipande cha msitu tunachokipima, iko nusu. Nakunywa chai ya rangi na ming'oko ya kuchemsha iliyobaki jana.

Nakagua mkoba: tepu ya mita 50, tepu ya kupimia kipenyo, kamba ya manila, dira, GPS, refraktometa ya kupimia chumvi, fomu na penseli. Ni penseli kwa makusudi. Fomu ikilowa wino husambaa na namba zikapotea, ila maandishi ya penseli hubaki yakisomeka.

Saa 1 asubuhi. Tuko pwani, karibu na kivuko cha kwenda Kitunda. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, leo mmekula lakini?" Babu ndiye anayetutambulishia miti. Ameishi na mikoko tangu utoto wake na jani moja tu linamtosha. Nahodha anatuharakisha, na ana haki. Maji yanazidi kutoka horini na tukizubaa mtumbwi utakaa kwenye tope kabla hatujafika. Tunaelekea ndani, upande ambako mto Lukuledi unamwaga maji yake.

Saa 2 na nusu. Tunashuka. Tope linafika magotini, na viatu vinavyofaa ni raba za zamani zilizofungwa kamba hadi kifundoni. Kandambili litabaki chini milele.

Mstari wetu wa kupimia unaanzia ukingoni mwa maji na kwenda moja kwa moja hadi nchi kavu. Tumeupima kwa njia hiyo kwa sababu mikoko hubadilika kadiri unavyotoka baharini: mahali panapofunikwa na maji kila siku hapana miti ileile ya mahali panapofikiwa na bamvua tu. Ukipima sambamba na ukingo utaona aina moja au mbili na kurudi nyumbani ukidhani umeumaliza msitu.

Mbele kabisa ni mililana, mizizi yake imechomoza juu kama pembe. Babu anasema mti huu ndio wa mataruma, yaani mbavu za mashua. Nyuma yake unaanza mkoko wenyewe, ambao kwenye fomu naandika Rhizophora mucronata, mizizi imepinda kila upande kama miguu ya kaa.

Saa 3. Hapa ndipo siku yangu inapokwenda. Usiku uliopita nilichagua namba kwa kubahatisha ili ituambie ploti ya kwanza ianzie mita ya ngapi. Ikatoka 14. Mita ya 14 imeangukia katikati ya msongamano wa mizizi usiopitika bila kupanda. Mita tano pembeni kuna uwazi mzuri, hata kivuli kipo. Mwenzangu anautazama ule uwazi, kisha anamtazama mwalimu. Mwalimu anasema neno moja: "Hapohapo."

Mwanzoni niliona ni ukali wa bure. Lakini ploti yetu ni mita 10 kwa 10, yaani sehemu moja ya mia ya hekta. Mti mmoja ninaouhesabu humu ripoti itausoma kama miti 100 kwa hekta. Nikihamia kila mara penye nafasi ya kupita, nitakuwa nimepima mahali ambapo wanafunzi hupenda kusimama, halafu nitapaita msitu wa Lindi.

Basi tunapanda. Kona tunainyoosha kwa hesabu ya mafundi wa ujenzi, mita 3, 4 na 5. Kisha tunakagua ulalo, kona hadi kona ya mkabala, ambao lazima uwe mita 14.14. Kwenye mizizi hii ulalo haukubali kwa mara moja, tunavuta kamba huku, tunalegeza kule, na kijasho kinachuruzika hadi kwenye fomu. Mti uliokaa juu ya kamba una sheria yake: nusu ya shina au zaidi ikiwa ndani, unahesabiwa.

Kipenyo kwa kawaida hupimwa mita 1.3 kutoka chini, usawa wa kifua. Kwa mkoko hilo halina maana, kwani usawa wa kifua bado uko kwenye mizizi. Tunapanda hadi mzizi wa juu kabisa unapotokea shinani, tunaongeza sentimita 30, ndipo tunazungusha tepu. Nimekumbatia shina kwa mkono mmoja, mbu wako shingoni, na mwenzangu anapaza sauti kule chini, "Ngapi?"

Babu ameketi kwenye mzizi, anatazama tu. "Hiyo ni pau," anasema. Tepu inasoma sentimita 6.4. Mwingine: "Hiyo boriti tayari." 11.2. Wauza miti wa pwani hii wameyagawa mashina kwa unene siku nyingi, fito, pau, boriti, nguzo. Tangu nilipomsikia nimechora safu ya pembeni kwenye fomu yangu kwa ajili ya makadirio yake, na mpaka sasa tepu haijampinga.

Saa 5. Ploti ya pili ina visiki. Navyo tunavipima, kwa sababu msitu unaeleza pia kilichoondolewa. Visiki vingi hapa ni vya unene wa boriti, fito hazijaguswa. Ploti isiyo na kisiki naandika 0, siachi wazi, maana nafasi tupu haisemi kama hakukuwa na kitu au hakuna aliyetazama.

Kijana anayetafuta kaa anapita na fimbo yake ya ndoano. "Nyie maliasili?" Tunamwambia ni wanafunzi. Anaangalia tepu iliyozunguka kisiki, anaangalia sura zetu, anaondoka kwa njia nyingine. Siwezi kumlaumu. Mikoko yote nchini ni hifadhi ya serikali, kuikata bila kibali ni kosa, na mtu anayepima kisiki hafanani na rafiki. Babu naye amekuwa kimya kidogo.

Saa 6. Tunafika upande wa bara. Miti imekuwa mifupi na hewa imefunguka. Vitabuni msitu wa mikoko huchorwa kama safu zilizonyooka, kila aina na ukanda wake. Mchu, aina nyingine ya mikoko, hauna habari hiyo: tuliuona kule mbele ukiwa mrefu, na sasa tunaukuta tena huku nyuma ukiwa umedumaa, urefu wake unanifika kifuani. Nachimba shimo, nasubiri maji yachujike, naweka tone kwenye refraktometa. Maji ya bahari ya kawaida husoma kama 35 kwa elfu. Hapa imepita sana, kwa kuwa maji yanayoletwa na bamvua hukaushwa na jua na chumvi ikabaki. Geuza jani la mchu ulilambe, utaionja.

Saa 7. "Yanarudi!" anaita nahodha. Tunakunja tepu na kukimbia, kama kuna anayeweza kukimbia kwenye tope. Ploti ya nne imebaki. Mtumbwi, kuoga, ugali na changu wa kukaanga.

Saa 10 jioni. Kazi ya meza. Tumekata matawi machache yenye maua au matunda, nayapanga kati ya magazeti na kuyabana kwenye mbao. Lebo ndiyo roho ya sampuli: mahali, tarehe, aina ya udongo, urefu wa mti, na jina analoliita babu. Miaka ya 1934 na 1935 Mjerumani aitwaye Schlieben alikusanya mimea kando ya Ziwa Lutamba, kama kilomita 40 magharibi mwa mji huu, na wataalamu bado wanazitumia sampuli zake kwa sababu aliandika alipozitoa. Jani zuri lisilo na lebo ni kuni.

Saa 2 usiku. Naingiza namba kwenye kompyuta, mwenzangu anasoma, mimi nachapa, kisha tunabadilishana. Nabahatisha namba ya mstari wa kesho: 6. Mwenzangu anaguna, mita ya 6 itakuwa karibu na maji.

Nahodha anapiga simu. Kesho maji yatachelewa kupwa kwa dakika kama 50, kwa hiyo tukutane saa 2 kasoro dakika 10, na safari hii mafuta ya mashine tununue sisi.