Tao lililogoma kuungana

Nimefika Livingstone juzi usiku, mgongo bado unanidai siku za treni ya TAZARA na basi la kutoka Kapiri Mposhi. Jana mchana nikachukua kibali cha kutembea darajani, lile linalounganisha Zambia na Zimbabwe mbele ya Maporomoko ya Victoria. Jua lilikuwa kali. Nilishika ukingo wa chuma, nikauachia upesi.

Usiku nikawasoma waliolijenga: Cleveland Bridge, kampuni iliyoanza mwaka 1877 huko Darlington, kaskazini mwa Uingereza. Vyuma vilitengenezwa kwao, vikaja kwa meli hadi Beira, kisha kwa reli. Lakini reli iliishia ukingo wa kusini, na tao lilitakiwa kuanzia kingo zote mbili. Basi kitu cha kwanza kuvuka korongo kilikuwa uzi, umerushwa kwa roketi. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya mnene, na kwenye waya huo vyuma vya ng'ambo vikaning'inizwa na kuvushwa. Watu pia. Mimi ningebaki kusini.

Kilichonichelewesha kulala ni siku ya kuunganisha. Vipande viwili vya tao vilipofikiana, mwishoni mwa Machi 1905, vikagoma: vilizidiana kwa kama sentimita 3. Jua la kutwa lilikuwa limetanua chuma. Wakangoja. Asubuhi ya 1 Aprili, chuma kimepoa, vikaingiana. Nikamkumbuka baba mdogo, fundi wa kuchomelea kule Mbeya, ambaye hapimi geti mchana hata mteja akikasirika. Wateja humwona mvivu. Nami nilimwona hivyo, nikiri tu.

Daraja likafunguliwa Septemba mwaka ule ule, na mpaka leo treni, malori na waenda kwa miguu wanapita. Kampuni yenyewe ilifungwa 2021, ikakosa mnunuzi. Ajabu, nilisikitika kama nimesikia msiba wa jirani, na hadi jana sikuwa nalijua hata jina lake.

Leo nimerudi mapema, kabla jua halijapanda. Nikashika ukingo ule ule: baridi, umelowa manyunyu ya maporomoko. Nimesimama pale nimeukumbatia kwa viganja vyote viwili, hadi kijana muuza bangili za shaba akanijia kuuliza kama nimeangusha kitu.