Siku Moja Mlangoni mwa Basi

Saa kumi na moja alfajiri ninakuwa nimeshafika kwenye maegesho ambako mabasi hulala, na kabla dereva hajawasha injini ninapita na tochi chini ya viti vyote. Leo nimekuta pochi ya kike iliyosukumwa hadi ukutani, ndani yake mna kadi ya kliniki na picha ya mtoto, lakini hamna hata sarafu. Pochi ya namna hiyo haikudondoka. Mwizi hataki kushuka na ushahidi, kwa hiyo huchukua fedha na kuisukuma pochi kwa kisigino chini ya kiti cha mtu mwingine. Niliiandika katika daftari la vitu vilivyopotea, nikatia sahihi, tukaondoka.

Mimi ni kondakta wa basi la mjini. Wengi wanaamini kwamba kazi hii ni kupokea nauli na kupaza sauti, na baadhi yao, hasa walioibiwa, wanaamini kwamba tunagawana na wezi. Safari za kwanza hazina mambo mengi: abiria ni walewale, wanajuana kwa sura, na kila mmoja angemshangaa mgeni.

Kazi hasa huanza saa moja asubuhi na kuendelea hadi saa tatu. Anayedhani kwamba watu huibiwa zaidi basi likiwa katika mwendo hajawahi kusimama mlangoni. Katika mwendo kila mtu ametulia mahali pake na mkono wa jirani unaonekana. Hatari kubwa imo katika zile sekunde chache za kupanda, wakati wote wanasukumana na kuguswa kiunoni hakumshtui mtu. Wezi wa mifukoni hugawana kazi. Wa kwanza hupanda mbele ya aliyelengwa, kisha husimama ghafla ngazini akijifanya anatafuta nauli au ameangusha sarafu. Wa pili, aliye nyuma, husukuma kama mtu mwenye haraka na papo hapo huchomoa. Wa tatu, ambaye hata hapandi, hupokea kilichochomolewa na kuondoka nacho upande mwingine, na mlango unapokaribia kufungwa yule wa kwanza hugundua kwamba basi si lake, akashuka huku akiomba radhi kwa adabu ambayo sisi makondakta hatuipati kwa abiria wa kweli.

Nikimwona mtu aliyetundika koti mkononi jua likiwa kali, au aliyeshika gazeti lililokunjwa ambalo halisomi, ninatangaza kwa sauti, "Ndugu abiria, mabegi yaje kifuani, simu ziingie mifuko ya ndani," huku nikimtazama yeye usoni, na mara nyingi anajiondokea bila kuulizwa. Neno "wezi" silitamki kamwe. Mtu akisikia kwamba kuna wezi, hujipapasa pale pale alipoficha fedha, na anayetafuta pa kuchomoa anakuwa ameonyeshwa njia.

Lipo na jingine ambalo abiria hawalifikirii, nalo ni nauli yenyewe. Ninapopita kudai nauli, watu hufungua pochi zilizojaa mbele ya macho ya basi zima, wakahesabu noti, wakatoa moja, wakarudisha zilizobaki katika mfuko ambao sasa kila mtu anaujua. Anayetaka kuniona nikifurahi na atenge nauli ya safari nzima akiwa bado nyumbani, aiweke peke yake katika mfuko mdogo, na pochi kubwa isionekane mpaka atakapofika aendako. Mfuko wa nyuma wa suruali usiwekwe kitu chochote ambacho mwenyewe angesikitika kukipoteza.

Saa nne kasorobo, nilipokuwa nimeanza kufikiria chai, sauti ilitoka katikati ya basi: "Kondakta, funga mlango! Asishuke mtu, nimeibiwa simu!"

Alikuwa bwana wa makamo mwenye begi la mgongoni. Simu ilikuwa katika mfuko wa nje wa begi hilo, ambao mwenyewe hawezi kuuona bila kulivua, na zipu ilikuwa wazi nusu. Nilimwomba dereva asimame pembeni, nikampigia yule bwana namba yake kwa simu yangu, ilikuwa imeshazimwa. Hapo mimi nilijua kwamba simu imeshuka kituo kilichopita, lakini yeye hakutaka kulisikia hilo.

"Wapekue wote," alisema.

"Kaka yangu, sina mamlaka ya kumpekua abiria. Nikiutia mkono katika mkoba wa huyu mama bila ridhaa yake, kesho nitakayekuwa najieleza polisi ni mimi."

"Basi wewe na wao ni kitu kimoja."

Neno hilo nimelizoea, ila halijaacha kuuma. Nusu ya abiria walitaka basi zima lipelekwe kituo cha polisi, nusu nyingine walikuwa wamechelewa kazini na walitaka mlango ufunguliwe, na wote walinikaripia mimi. Kisha macho yakaanza kuhama. Kijana mmoja mwenye shati lililochanika begani, ambaye alikuwa amekaa viti viwili nyuma ya yule bwana tangu mwanzo wa safari, akajikuta anatazamwa na kila mtu, na mwanamume mmoja akamshika ukosi. Hakuna aliyemkumbuka bwana nadhifu mwenye bahasha kubwa ya kahawia, aliyesimama ameegemea lile begi na kushuka kituo kilichopita. Wachomozi wenye ujuzi huvaa vizuri, kwa sababu wanajua vema ni nani atakayeshukiwa. Nilipenya, nikasimama kati ya kijana na ule mkono, nikampeleka akae karibu na dereva, na kwa muda mrefu nilibaki nimewakabili watu ambao asubuhi hiyo hiyo waliniita dada.

Walipopoa, nilimkalisha yule bwana kiti cha mbele na kumweleza yaliyokuwa na faida: aazime simu, aupigie mtandao wake uifunge laini ile mara moja, kisha benki na akaunti yoyote ya fedha iliyounganishwa na namba hiyo, kwa maana simu huuzwa mara moja tu lakini akaunti iliyo wazi huchotwa hadi ikauke. Nilimuuliza namba ya utambulisho ya simu yenyewe, ile ya tarakimu 15 ambayo hutokea ukibonyeza *#06# na ambayo polisi huihitaji katika taarifa. Hakuijua. Nilimshauri aitafute kwenye boksi la simu, kama bado analo. Alishuka bila kuaga, tukiwa tumepoteza karibu dakika arobaini.

Baada ya hapo saa sikuzitazama tena. Mchana nilipakia mizigo kwenye buti na kugawa vikaratasi vya namba, kimoja kwenye mzigo na kimoja kwa mwenyewe, na mzee mmoja aliona ninamsumbua mpaka palipotokea mabegi mawili meusi yanayofanana kabisa. Mwanafunzi alilala, nami nikamwamsha apitishe mkanda wa begi kwenye mguu wake, akakasirika, akaupitisha, akalala tena. Mama mmoja aliweka mkoba wake kwenye rafu juu ya kichwa chake. Nilimhamishia rafu ya upande wa pili, kwa sababu kilicho juu ya kichwa chako hukioni, na kilicho mbele yako kidogo unakiona bila hata kutaka. Jioni, kwenye foleni, nilirudia mpaka sauti ikakwama kwamba anayekaa dirishani afunge kioo anapotumia simu, na anayekaa jirani na mlango asiitoe kabisa, kwa kuwa mkwapuaji husubiri mlango uwe unafungwa ili atakayemfuata abaki ndani. Miguu ilikuwa imevimba. Dereva alizima redio bila kuombwa, nikamshukuru kimoyomoyo.

Usiku nilikabidhi hesabu na daftari, kisha karani akanipa fomu ya ucheleweshaji kwa ajili ya zile dakika za asubuhi. Fomu ile ina sababu nne tu za kuchagua: hitilafu ya gari, ajali, foleni na uzembe wa kondakta. Niliandika pembeni kwa kalamu kwamba abiria aliibiwa simu na nilizuia kijana asipigwe. Karani alisoma, akaniambia kwamba maandishi ya pembeni hayaingii kwenye kompyuta, akafikiri kidogo, akatia alama kwenye foleni.