Nilivyomfuatilia mjane wa Missouri katika madaftari ya kaunti

Katika makaburi ya ukoo wa mume wangu, kwenye shamba lililo kusini mwa mto Missouri katika kaunti ya Saline, lipo jiwe jeupe lenye jina la kwanza la mwanamke, maneno "mke wa" yakifuatiwa na jina la mwanamume, na umri aliofariki nao kwa miaka, miezi na siku. Ukoo haukujua zaidi ya hayo. Miaka minne iliyopita mama mkwe wangu, ambaye ni kilembwe wake, aliniomba nimsaidie kujua mwanamke huyo alikuwa binti wa nani, kwa kuwa macho yake hayamudu tena miandiko ya kale. Nilikubali mara moja. Nimelelewa Tanga na bibi aliyetaja nasaba yetu vizazi saba bila kusita, na niliona vibaya nasaba ya wanangu ikatikie kwenye jiwe.

Nilianza na sensa. Ile ya 1850 ndiyo ya kwanza nchini Marekani kuandika jina la kila mtu huru aliyekuwemo nyumbani. Zilizotangulia ziliandika jina la mkuu wa kaya peke yake, na wengine wote wakawa tarakimu katika safu za umri na jinsia. Katika sensa hiyo nilimkuta bibi huyo akiwa mkuu wa kaya mwenyewe, mzaliwa wa Virginia, pamoja na watoto waliozaliwa Missouri na mwanamume mmoja mzaliwa wa Kentucky mwenye jina la ukoo tofauti kabisa na lao. Uhusiano wa watu wa kaya moja haukuulizwa mpaka sensa ya 1880, kwa hiyo mume wangu alidhani yule alikuwa kibarua wa shamba. Niliporudi nyuma hadi 1830, nilimwona mume wa kwenye jiwe, na katika safu ya wavulana wa miaka 15 hadi 20 palikuwa na tarakimu moja, ilhali watoto wote wa ndoa hiyo tuliowajua walikuwa bado chini ya miaka 10. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba jiwe linataja ndoa ya pili.

Nilipoteza muda mwingi nikitafuta jina lake katika madaftari ya kodi na ya ardhi, kwa sababu sikuwa nimeielewa sheria ya wakati ule. Majimbo hayo yalirithi kutoka Uingereza kanuni iliyomhesabu mke na mume kuwa mtu mmoja, na mtu huyo akawa mume: vyombo vya mke vilikuwa vya mumewe, mkataba aliofanya peke yake haukuwa na nguvu, na kodi ilitozwa kwa jina la mume. Alipofiwa, jina lake lilijitokeza katika vitabu vya mahakama. Alipoolewa tena, likazama. Basi niliacha kumtafuta yeye, nikaanza kutafuta vifo vya waume zake.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa kujua nitafute wapi, kwa maana shamba halikusogea lakini kaunti zilisogea. Kaunti ya Howard iliundwa 1816 ikiwa na eneo kubwa mno. 1818 ikamegwa upande wa kusini mwa mto kuwa Cooper, na 1820 sehemu ya Cooper ikawa Saline. Mtu aliyekaa pale pale kwa miaka mitano aliacha karatasi zake katika makao makuu ya kaunti tatu, ambayo leo ni Fayette, Boonville na Marshall. Nilizipitia zote, nyingine katika mikrofilamu za hifadhi ya nyaraka ya jimbo huko Jefferson City, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa faharasa, hata inapokuwepo, kwa kawaida hutaja marehemu tu bila kumtaja mjane.

Jalada la mirathi la mume wa pili lilikuwa Saline, na hilo nililisoma kwa wiki kadhaa. Lilianza na dhamana ya msimamizi wa mirathi, iliyotiwa saini na wadhamini wawili, na jina la ukoo la mmoja wao lilikuwa lile lile la yule "kibarua" wa 1850. Watu hawakuweka mali yao rehani kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Mdhamini mara nyingi alikuwa shemeji, mjomba au ndugu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma majina ya wadhamini kabla ya jambo jingine lolote. Kisha ikaja orodha ya mali iliyothaminiwa na majirani watatu: ng'ombe, nguruwe, plau, godoro la manyoya ya bata, gurudumu la kusokotea nyuzi, masufuria ya chuma. Karatasi iliyofuata ilikuwa ya mnada, ikionyesha nani alinunua nini na kwa bei gani, na katika orodha ya wanunuzi jina la mjane limerudiwa mara kumi na moja. Alinunua godoro. Alinunua gurudumu na masufuria. Mwanamke huyu alisimama uani kwake mbele ya majirani akakinunua tena kitanda alichozalia, na sijaweza kuisoma karatasi hiyo bila kunyamaza kwa muda.

Katika orodha ya mali, baina ya farasi na kitanda cha kufumia nguo, ameandikwa pia msichana mtumwa, kwa jina moja, umri na bei. Baadaye karatasi ya mgawo inaonyesha kwamba alihesabiwa katika fungu la mjane. Nilikulia karibu na Pangani, mahali ambapo watu walipakiwa majahazini wakiwa bidhaa, na sikuweza kulipita jina hilo kana kwamba ni la kifaa kingine cha nyumbani. Nililiandika katika ukurasa wake peke yake.

Jina la mdhamini lilinipeleka Kentucky, kaunti ya Madison, ambako makao makuu ni Richmond. Hapa nilifanya kosa kubwa. Nilipata dhamana ya ndoa yake na mume wa pili, yaani hati ambayo bwana harusi na mdhamini wake waliahidi kulipa fedha iwapo ndoa ingeonekana ina kizuizi cha kisheria, nikalichukua jina la ukoo aliloandikiwa humo kuwa jina la babake, na kwa miezi minane nilifuata ukoo huo hadi Virginia bila kumpata. Karani alikuwa amemwandika kwa jina la marehemu mumewe. Dalili zilikuwepo: hapakuwa na barua ya ridhaa ya baba, na pembeni palikuwa na neno moja hafifu, "mjane", ambalo nilikuwa nimeliona doa la wino. Madaftari ya kodi ya Kentucky yalithibitisha hayo, maana mume wa kwanza anatajwa mwaka baada ya mwaka, kisha mwaka mmoja anatajwa mjane wake kwa ekari zile zile na farasi wawili, kisha hatajwi tena.

Katika kitabu cha walezi cha kaunti hiyo tulimkuta mtoto wa kiume aliyeandikwa "yatima wa marehemu", akiwekewa mlezi, na mlezi mwenyewe alikuwa yule mume wa pili. Mume wangu alikata tamaa, akisema kwamba ikiwa mtoto ni yatima basi mamaye alikuwa amekufa, na huyu si bibi yetu. Mimi sikuona tatizo lolote, kwa sababu katika fikihi tuliyosomeshwa chuoni yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yupo anamnyonyesha. Mahakama za kaunti za Kentucky zililitumia neno hilo kwa maana hiyo hiyo. Mtoto yule ndiye mwanamume wa 1850.

Ushahidi uliofunga jambo ulikuwa hati ya ardhi. Sheria ilimpa mjane haki ya kuitumia theluthi ya ardhi ya marehemu mumewe kwa muda wa uhai wake, na haki hiyo haikufa kwa kuolewa tena. Kwa hiyo warithi wa mume wa kwanza walipouza shamba la Kentucky, mnunuzi alidai kwanza mjane aiachilie theluthi yake. Hati inamtaja kuwa mke wa huyu wa Missouri na "zamani mjane" wa yule wa Kentucky, ndoa zote mbili katika sentensi moja. Nyuma yake mahakimu wawili wameandika kwamba walimhoji faragha, mbali na mumewe, naye akasema anaachilia kwa hiari yake. Chini ipo alama yake ya msalaba.

Kutoka hapo dhamana ya ndoa ya kwanza haikuchukua hata siku mbili kupatikana. Ni ya pauni 50, na ndani yake kulikuwa na kikaratasi cha babake kumruhusu karani atoe kibali, kwa kuwa binti alikuwa hajatimiza miaka 21. Nilimsomea mama mkwe jina la baba huyo kwa simu nikiwa bado kwenye ngazi za mahakama. Aliniambia, "Rudia, mwanangu," nikarudia mara tatu.

Sasa ninamfuata yule msichana. Jedwali la watumwa la sensa ya 1850 linaonyesha, chini ya jina la mjane, mwanamke mmoja wa umri unaolingana na wake, bila jina, kwa maana jedwali lile halikuandika majina ya watumwa. Missouri iliwaachia huru watumwa wote Januari 1865, na sheria ya mwaka huo iliwataka walioachwa huru kusajili ndoa zao katika kaunti; sensa ya 1870 nayo iliwaandika kwa majina yao. Nimeanza na kitabu cha ndoa hizo cha Saline, nami nimefika ukurasa wa arobaini.