Gizani Daulatabad

Mwezi wa Aprili 2009, nikiwa mwanafunzi mjini Pune, India, nilisafiri usiku kucha kwa basi pamoja na mwenzangu wa Tanga hadi Aurangabad, na asubuhi tukapanda basi jingine lililotufikisha chini ya ngome ya Daulatabad. Mwenzangu ndiye aliyeishikilia safari hiyo. Alikuwa amesoma kwamba Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, baadaye alipita pia hapo, akaandika habari za panya wa gerezani wakubwa kuliko paka.

Mimi nilikuwa na sababu yangu, ambayo sikumwambia. Mtaani kwetu huko Pune vijana walikuwa na mazoea ya kutuita "habshi", yaani Mhabeshi, kila tulipopita, kisha wakacheka. Siku moja maktabani nikakutana na habari za Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapita mikononi mwa mabwana kadhaa, na hatimaye akawa ndiye mwenye amri hasa katika usultani wa Ahmadnagar, akiwasumbua Wamogoli, watawala wa India ya kaskazini, mpaka alipofariki mwaka 1626. Daulatabad ilikuwa ngome yake. Nilitaka kuikanyaga.

Mlima wake husimama peke yake kwenye uwanda mfano wa kichuguu, wenye kimo cha mita 200 hivi, na mwamba wa chini umechongwa pande zote hata ukawa ukuta wima usio na pa kushika. Sultani Muhammad bin Tughluq wa Delhi aliupenda kiasi cha kuhamishia hapo makao yake makuu mwaka 1327, akawasukuma watu katika safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kisha baada ya miaka michache akaghairi. Milango ya ngome imepigiliwa miiba mirefu ya chuma ili tembo wa vita wasiisukume kwa vichwa. Juu ya buruji moja upo mzinga ambao kitako chake kimefinyangwa kichwa cha kondoo dume. Niliweka kiganja kwenye pembe zake zilizojikunja, nikakiondoa upesi, maana madini yale yalikuwa yanaunguza kama kikaango.

Hapo ndipo alipotupita bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu, miguu mitupu, mtungi wa chuma cha pua kiunoni na wajukuu wawili nyuma yake. Nikamwambia mwenzangu kwa Kiswahili, "Huyu bibi hafiki juu." Sijui kilichonituma.

Baada ya kuvuka daraja la handaki huingia Andheri, njia iliyochimbwa ndani ya mwamba, ambayo jina lake ni giza lenyewe. Ilitengenezwa makusudi kumpoteza adui: inapinda, ngazi zake hazilingani, na mtu hukanyaga akitarajia jiwe akakuta hewa. Popo walikuwa wengi, na harufu ya mavi yao ilikaba koo. Tochi ya simu yangu ilizimika tulipofika katikati. Nilimsikia mwenzangu akiniita, "Kaka, uko wapi?" lakini sauti iligonga kuta, nisijue kama yuko mbele au nyuma. Miguu ikagoma kabisa.

Mkono ukanishika kifundo cha mkono, bangili zikalia. "Chalo, beta," alisema bibi yule, twende mwanangu, kisha akawa anazihesabu ngazi kwa Kimarathi, moja baada ya nyingine, kama anayemfundisha mtoto, hadi mwanga ukatupiga usoni.

Tuliketi pamoja juu, kwenye jumba la Baradari. Alinimiminia maji kinywani kutoka mbali bila mtungi kugusa mdomo, mengi yakaingia shingoni, wajukuu wakafurahi. Halafu akaniuliza: "Habshi?" Mwili ulinisisimka kwa mazoea. Lakini hakucheka, aliuliza kama mtu wa kwetu anavyouliza kabila lako, ili ajue pa kuanzia mazungumzo. Nikaitikia ndiyo, ingawa Ethiopia sijafika hadi leo. Akataka kujua kama mama yangu yu hai, na nani ananipikia huko Pune.

Tulichelewa kushuka, kwa hiyo Khuldabad, kijiji cha jirani alikozikwa Malik Ambar, hatukufika. Ndani ya basi mwenzangu alinung'unika njia nzima kwamba hakuona panya hata mmoja.