Oili ya sintetiki, foleni ya Barabara ya Morogoro na hesabu ya saa za injini

Huu ni mwaka wa saba tangu ninunue pikapu yangu ya dizeli, dabo kebini yenye injini ya lita 2.5, ambayo siku za kazi hubeba mabomba na vifaa vya maji kutoka Kariakoo kwenda kwenye nyumba zinazojengwa Kibamba, Goba na Bunju, na kila mwisho wa mwezi hunipeleka shambani Morogoro. Jamaa zangu ambao nao wameanza kutumia oili ya sintetiki huniuliza ibadilishwe baada ya kilomita ngapi. Jibu ninalowapa leo si lile nililokuwa nikiwapa zamani, na mabadiliko hayo yalinigharimu turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini.

Muuzaji mmoja wa oili aliniambia kwamba sintetiki haihitaji kuguswa kabla ya kilomita 15,000. Nilifurahi kusikia hivyo, kwa sababu injini yangu huingia karibu lita 7 pamoja na filta, maana yake dumu moja la lita 5 halitoshi, na sintetiki si oili ya bei ya chini. Nikatembea kilomita 12,000 na ushei kwa muda wa miezi kumi na mitatu, nikiongezea kidogo kila kijiti cha kupimia kiliposhuka. Siku fundi alipofungua kava ya tapeti tulikuta tope jeusi limeganda kwenye kona, na alipoishusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, tukaona kwamba lile chujio la chuma ambalo pampu huvutia oili limezibwa zaidi ya nusu. Turbo hulainishwa na oili hiyohiyo, na shafti yake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili inayoifikia ilipopungua, turbo ndiyo iliyotangulia kufa.

Sikuilaumu sintetiki wakati ule, na siilaumu sasa. Oili hiyo hustahimili joto kuliko ile ya madini, yaani oili ya kawaida, haivukizi haraka, haigandi upesi inapounguzwa na turbo, na hufika mapema kwenye vyuma vya juu gari linapowashwa asubuhi. Lakini sifa hizo zote ni za oili yenyewe, ilhali kinachoichosha oili ndani ya injini ya dizeli kwa sehemu kubwa hutoka nje yake: masizi ya mwako, dizeli isiyoungua inayopenya kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye sampo, vumbi linalopita pale filta ya hewa inapochoka, na asidi inayotokana na salfa ya mafuta. Kuna viambato vilivyochanganywa kiwandani ili kuyashika masizi yasigande na kuiua asidi hiyo, na viambato hivyo huisha kwa kutumika, hata kama oili inayovibeba bado ni nzima. Ni kweli kwamba dizeli yetu imekuwa safi zaidi tangu nchi za Afrika Mashariki zilipoanza, mwaka 2015, kutekeleza makubaliano ya kushusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, na hilo limeipunguzia oili kazi ya kupambana na asidi. Masizi na vumbi, hata hivyo, havikupunguzwa na makubaliano yoyote.

Kilichonifungua macho ni daftari. Baada ya kununua turbo nyingine nilianza kuandika kila siku muda wa kuwasha gari na muda wa kulizima, pamoja na kilomita nilizotembea. Kutoka Kibamba hadi Kariakoo asubuhi, foleni ikianzia Mbezi na kuendelea kupita Kimara na Ubungo, nilikuwa nikitumia muda wa saa mbili kwa safari isiyofika kilomita 30. Ukijumlisha na muda wa kusubiri mzigo huku injini iko sailensa, yaani inanguruma gari limesimama, kwa ajili ya kipoza hewa, wastani wa mwezi mzima ulikuwa kilomita 18 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 5,000 ni takriban saa 278 za injini kufanya kazi. Safari ya Morogoro, pamoja na kupunguza mwendo hadi 50 kwenye kila kijiji, hunipa wastani wa kilomita 48 kwa saa, yaani kilomita 5,000 zilezile kwa saa 104 tu. Mileji husoma namba moja, lakini injini ya kwanza imefanya kazi karibu mara tatu ya ile ya pili, tena katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa injini ya dizeli inayozunguka polepole kwa muda mrefu haiunguzi mafuta vizuri na huacha masizi mengi.

Wenye majenereta na matrekta wanalijua jambo hili zamani, ndiyo maana wao huhesabu saa, na injini nyingi za aina hiyo hupewa servisi kila baada ya saa 250. Hata vitabu vya magari vinalitambua kwa njia yake. Ukisoma cha kwako kwa makini utakuta ratiba mbili, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu, na matumizi magumu yametajwa waziwazi: foleni, kuacha injini ikinguruma gari limesimama, vumbi, mizigo mizito, safari fupi fupi. Nasema bila kusita kwamba pikapu ya kazi hapa Dar es Salaam iko kwenye ratiba ya pili, na anayesoma ile ya kwanza anasoma kitabu cha gari la mtu mwingine.

Kwa hiyo mimi humwaga oili kila baada ya kilomita 5,000, saa 250 au miezi sita, chochote kitakachotangulia, na kila mara filta mpya huingia pamoja na oili mpya. Isipokuwa tu kama mwezi wa mavuno umenifanya nitembee zaidi barabara kuu, hapo hufika 7,000 bila wasiwasi, maana saa bado zinanitosha. Rangi siifuati kabisa: oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, na weusi huo ni dalili kwamba inayabeba masizi kama ilivyotakiwa. Namba za uzito nazo sizibuni. Kitabu changu kinaruhusu 5W-30 na 5W-40 (namba ya mwisho ni uzito wa oili injini ikiwa ya moto, na ikiwa kubwa oili ni nzito zaidi), na kwa kuwa hapa kwetu baridi haisumbui injini, bali joto na mzigo, nimechagua 5W-40.

Hesabu yote hii haina maana iwapo kilichomo ndani ya dumu si kile kilichoandikwa nje. Ninanunua kwa wakala mmoja anayenipa risiti, ninakagua kizibo kabla ya kulipa, na madumu matupu huyatoboa kwa msumari palepale gereji ili yasije yakajazwa tena na kurudi dukani. Oili chafu sikubali imwagwe mtaroni, kwa kuwa mitaro yetu huishia baharini. Fundi wangu huikusanya kwenye pipa na wanunuzi wa oili iliyotumika huja kuichukua.

Baada ya kazi, fundi huning'iniza kadi yake kwenye usukani akiwa ameandika kilomita za servisi ijayo. Chini ya namba yake mimi huongeza mstari mmoja kwa kalamu yangu. Kadi iliyopo sasa inasema 186,400, na chini yake: saa 250, au mwisho wa Novemba. Leo daftari limefika saa 171, na kilomita zilizotembea ni 3,140.